Fimbo ya Vizibo vya Mvinyo

Nilifika Chatsworth, pembeni mwa Durban, Papa Shabani akiwa ameshazikwa. Waislamu hawamngojeshi maiti, na simu ilinikuta saluni nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Nilikimaliza haraka, nikajifunga kitenge kichwani, nikapanda taxi. Sebuleni kwao wanawake walikuwa wamejaa, wengine wakinong'ona Kimakua, wengine Kiingereza, na Mama Maimuna, dada yake marehemu, alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni, miguu ameinyoosha. Aliponiona hakulia. Alinishika mkono, akaugeuza, akavitazama vidole vyangu kwanza, ndipo akanitazama usoni, akaniambia nisiondoke mpaka watu wapungue. Nyuma yake, pembeni mwa kabati la vyombo, niliuona mfuko mrefu wa kitambaa cha kaki, na nikajua ndani yake mna nini. Nikakaa kona. Nikaletewa chai na sahani ya sambusa. Sambusa za nyumba ile siwezi kuzitazama bila kumkumbuka yule mzee, basi hata kabla chai haijapoa mwaka wangu wa kwanza Durban ulikuwa umenirudia wote.

Mwaka ule nilikuwa simwamini mtu, na wala sioni haya kusema hivyo. Mgeni anayeamini watu ovyo huliwa mzima mzima. Nilikuwa nasuka katika saluni ya Mama Clarisse, chini ya ghorofa moja refu la Albert Park, na nilikuwa nalala kwake pia, ghorofa ya juu, sebuleni, nyuma ya pazia la maua. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na meza, na kwenye meza ile kila jioni waliketi wanawake wa kwetu Kongo wakila fufu na sombe, yaani kisamvu, wakimchambua mtu mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilijua ni mchungaji gani anayedanganya, ni mume wa nani ana mke mwingine Johannesburg, ni fundi gani wa simu anayebadilisha vioo vizima kwa vibovu. Mazungumzo yale yalikuwa shule yangu, na somo lilikuwa moja tu: mtu mwema ni yule ambaye hujamjua vizuri. Nilipoulizwa habari yoyote na mgeni, nilianza kwa kujiuliza anataka nini.

Papa Shabani aliingia saluni Jumatatu moja, siku ambayo wateja ni haba. Alisimama mlangoni na kupitisha macho kwenye mikono yetu, siyo kwenye nyuso. Alikuwa dereva wa malori kule Clairwood, amepita hamsini, kipara kinang'aa, shati limepigwa pasi kuliko la mchungaji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alikipata utotoni kwa mwalimu wa madrasa aliyetoka pwani ya juu, na juu yake akarundika Kiingereza na Kizulu. "Nani hapa anaweza kufunga uzi, fundo lisionekane?" akauliza. Mama Clarisse akacheka mpaka akashika meza. "Papa, hapa tunasuka banamuke. Weye nywele yako iko wapi?" Mzee hakucheka. Alichomoa kutoka kwenye mfuko kipande cha fimbo ya kuvulia samaki, ya mwanzi, rangi ya asali, chembamba kuliko kidole changu, na mahali fulani uzi wake ulikuwa umefumuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga nywele kwa uzi, kazi ambayo wasichana wengi wa pale hawakuitaka. Nikanyoosha mkono. Nilizungusha uzi ule wa hariri, mzunguko ukiubana mwenziwe, nikauficha mwisho wake chini ya mizunguko kama tufanyavyo kwenye nywele, nikamrudishia. Aliupapasa kwa kidole gumba, kisha akaupeleka mdomoni akaupapasa kwa mdomo. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeua ncha za vidole vyake, na yeye kazi yake ya pembeni ilikuwa kununua fimbo za zamani, kuzitengeneza na kuziuza kwa watu wanaokusanya vitu kama hivyo. Akasema atarudi Jumatatu ijayo.

Akarudi, na nyingine, na nyingine. Alikuja na fimbo zake na mfuko wa sambusa kutoka kwa dada yake, na hapo ndipo nilipoona tabia yake iliyonichekesha kwanza na kunitia wasiwasi baadaye. Hakula sambusa bila kuipasua. Aliifungua katikati, akatazama nyama, akanusa, ndipo akala. Sambusa za dada yake mwenyewe! Nilipomuuliza alisema, "Mimi sili kitu kilichofungwa." Fimbo nazo alizitendea vilevile. Alinifundisha kwamba fimbo nzuri ya mwanzi si mti mmoja. Ni vijiti sita vilivyopasuliwa na kugandishwa kwa gundi mpaka ukiitazama kwa mbele ina pembe sita, na vifundo vya mwanzi havitakiwi kukutana mahali pamoja, la sivyo hapo ndipo itakapovunjika. Itikise karibu na sikio. Ikilia kama punje kwenye debe, gundi imekufa. Ivute kwenye kiungo chake cha shaba. Ikitoka kwa mlio, kama chupa inayofunguliwa, kiungo ni kizima. Fimbo za namna ile huuzwa zikiwa na ncha mbili, moja ya akiba. Zipime, na ukikuta moja ni fupi kuliko nyingine, ujue ilivunjika na mtu ameificha aibu. Jina la fundi huandikwa kwa wino juu ya mpini. Wino ukiwa chini ya vanishi ni wa kweli, ukiwa juu ya vanishi umeandikwa jana. "Na vanishi mpya, Sifa, hiyo ni poda," aliniambia. "Uliza kwanza, uso una nini chini?"

Nilimpenda kwa hilo, nakiri. Hatimaye nilikuwa nimekutana na mtu anayeshuku kuliko mimi. Lakini nyuma ya pazia mambo yalikuwa yameshaanza. "Sifa, sikia," Mama Clarisse aliniambia jioni moja, hata hakuteremsha sauti. "Mwanaume mwenye anakufundisha kazi na haombi kitu, huyo iko na kitu kikubwa anataka. Anangoja tu." Nikasema haniangalii hata usoni, anaangalia vidole. "Njo vile banaanzaka," akajibu, kwamba ndivyo wanavyoanza, na wenzake mezani wakaitikia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikaanza kumwekea jicho. Sikuwa nikihofia hasa kwamba ananitaka. Nilihofia kwamba ananitumia, kwamba vidole vyangu vinafanya kazi ya wizi bila mimi kujua, na siku askari watakapokuja, yeye ni mwenyeji wa hapa na mimi ni mkimbizi.

Siku tuliyonunua ile fimbo nilikwenda naye Clairwood kwa sababu alihitaji macho. Kulikuwa na bohari linaloweka vyombo vya watu waliohama nchi au waliokufa bila wa kuwarithi, na msimamizi wake, bwana mmoja wa Kihindi mwenye kalamu sikioni, alitutolea fimbo tatu kutoka nyuma ya makabati na magodoro. Alisema kwa Kiingereza kwamba zote tatu zilikuwa za jaji mmoja mkubwa. Papa Shabani akanigeukia. "Wena Sifa, kila rod ya Durban ilikuwa ya jaji. Majaji walikuwa wengi kuliko samaki." Fimbo ya kwanza akaitikisa, ikalia, akaiweka. Ya pili jina lake lilikuwa juu ya vanishi. Nilimwonyesha kabla hajaniuliza, akacheka kidogo. Ya tatu haikuwa na jina kabisa. Vanishi yake ilikuwa imekuwa nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni, uzi hauonekani rangi, kiungo kimoja kimelegea, na ncha ilikuwa moja tu. Nilikuwa naisubiri iwekwe chini kama zile nyingine. Lakini mzee alikuwa ameshika mpini. Mpini wa fimbo hizi hutengenezwa kwa gamba laini, lile la vizibo, ila huu haukuwa umenunuliwa dukani. Ulikuwa umeunganishwa kwa vizibo vyenyewe vya chupa za mvinyo, kimoja juu ya kingine, na kwenye viwili bado uliona doa jekundu. Papa Shabani hakuitikisa fimbo ile. Hakuivuta kiungo, hakuuliza ya nani. Akatoa bei aliyotajiwa, kamili, bila kupunguziwa hata kidogo, na msimamizi mwenyewe akashangaa. Mimi nilishangaa kuliko wote, na nikaogopa.

Tukiwa kwenye lori, robot, taa ya barabarani kama waiitavyo huku, iligeuka kijani na yeye hakuondoka. Malori nyuma yetu yakapiga honi. Ndipo aliponieleza. Baba yake alikuwa akifunga nyuzi katika karakana ya mzungu mmoja aliyetengeneza fimbo, miaka ile wakiishi Bluff, kando ya bahari, kabla serikali ya ubaguzi wa rangi haijawahamisha kuwaleta Chatsworth. Kwa vijiti vilivyokataliwa pale kazini alijitengenezea fimbo yake mwenyewe, na mpini akautengeneza kwa vizibo alivyopewa na rafiki yake mpishi wa hotelini. Mama yao akakataa katakata vizibo vya mvinyo visivuke kizingiti chake, na fimbo ikawa inalala nje, imetundikwa ukutani. Baba hakuruhusiwa kuandika jina kwenye fimbo yoyote. Basi kwenye hiyo yake, chini ya mkanda wa kwanza wa uzi juu ya mpini, alificha uzi wa kijani. Ukiwa nje huuoni. Mpaka ukate. Siku ya kuhama ikauzwa kwa mzungu. "Dada yangu aliniambia. Nilikuwa mdogo, nililia. Akasema, tutaipata. Mpaka leo yeye anaongea juu ya ile rod. Ninataka aishike kabla hajafa."

Ingekuwa leo ningelia naye. Siku ile nilitazama nje ya dirisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba hadithi ni vanishi, na ikiwa tamu sana uulize chini yake mna nini. Baba masikini, uzi uliofichwa, mtoto anayelia: nani hangenunua? Nilijiambia kwamba mzee anafanya mazoezi kwangu kabla ya kuipeleka kwa tajiri. Na kilichonipa uhakika ni kwamba hakukata. Wiki zikapita, kisha miezi. Kila Jumatatu alikuja na fimbo nyingine tukazitengeneza, na ile aliileta pia, akaiegemeza karibu na mashine ya kukaushia nywele, akaondoka nayo jioni bila kuifungua. Mtu aliyetafuta kitu maisha yake yote, wembe upo mezani, na hakati? Mama Clarisse nilipomsimulia alifyonza tu. "Anajua ndani iko nini. Njo maana hakati."

Mwishowe alikata, au niseme nilikata mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, saluni haina mtu. Aliweka fimbo mapajani mwangu, akanipa wembe, akasema, "Taratibu." Niliupitisha wembe ukingoni mwa mkanda wa kwanza, nikaishika ncha ya uzi, nikaanza kuufumua. Vanishi ikawa inadondoka kama ukoko. Mzunguko baada ya mzunguko uzi ulitoka, wa kahawia, hariri ya kawaida, mpaka mwanzi ukabaki uchi, mweupe mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Hapakuwa na uzi wa kijani. Papa Shabani aliinama akatazama, akaomba nigeuze pande zote sita. Nikageuza. Akaomba maji. Alikunywa yote, akakaa akiangalia mvua, kisha akaingiza mkono mfukoni mwa shati na kutoa kibiringo cha uzi wa kijani, kipya, kutoka duka la vitambaa la mjini, bado kina karatasi yake. "Funga huu kwanza," akasema. "Juu yake funga ule wa kahawia. Vanishi ya kuuzeesha ninayo."

Nilikitazama kile kibiringo. Alikuwa amekuja nacho! Alikuwa amejiandaa kabla hajajua. "Papa, huu ni uongo," nikamwambia. "Utamuuzia nani?" Akasema hamuuzii mtu. Nikamwambia sifungi, mikono yangu si ya wizi. Aliichukua fimbo akaanza kufunga mwenyewe, kwa vidole visivyohisi, uzi unateleza, unapanda juu ya mwenziwe, unaanguka, anauokota. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikumsaidia. Alipomaliza ule wa kijani ulikuwa umevimba upande mmoja, umeachana upande mwingine. Wa kahawia wa juu ulikaa afadhali kidogo. Akapaka vanishi yake, akafunga mfuko, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jumapili ijayo njoo nyumbani. Dada anapika." Nilikwenda. Sikwenda kula, nilikwenda kumwona kwa macho yangu huyo tajiri atakayetapeliwa.

Hakukuwa na tajiri. Kulikuwa na chumba hiki hiki nilichoketi sasa, kabati hili la vyombo, biriani katikati ya meza, na mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akimgombeza kaka yake kwa kupasua sambusa. "Tazama!" Mama Maimuna aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kama cha kaka yake. "Mimi nimemlea huyu. Mpaka leo anafikiri nitamwekea sumu." Papa Shabani alikuwa na sambusa mbili zilizofunguka mbele yake na hajagusa hata moja. Akainuka, akaleta mfuko wa kaki, akautoa ule mpini wa vizibo, akauweka mikononi mwa dada yake. "Dada, nimeipata ya baba." Kisha akampa wembe. "Kata mwenyewe."

Nilikuwa nimemshuku kwa kila kitu isipokuwa hiki. Mama Maimuna alivaa miwani, akakata, akafumua pole pole, na rangi ya kijani ikatokea. Aliupitisha ukucha juu ya ule uzi, pale ulipovimba na pale ulipoachana. Akainua macho akatazama vidole vya kaka yake, akanitazama mimi, akarudi kwenye uzi. Nilikuwa naomba Mungu nisijue naomba nini. "Ni yenyewe," akasema. "Ni ya baba." Akaniuliza kama ninaweza kuufunga tena mkanda wa juu, kwa sababu ameambiwa nina mikono mizuri. Nikaufunga, pale pale mezani, nikaufunika ule uzi wa kijani kwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na fundo halikuonekana.

Tangu siku ile nimekuwa na saluni yangu, nimezaa, nimezika, na mara nyingi nikiwa nasuka, namna Mama Maimuna alivyoutazama ule uzi imekuwa ikinirudia. Alijua, hakujua? Papa Shabani aliacha kutafuta fimbo baada ya pale. Aliendelea kutengeneza za watu, lakini mabohari ya Clairwood hakuyaingia tena. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kunieleza. Jambo lile lilikuwa limefungwa na mimi ndiye niliyelifunga.

Watu walipopungua, Mama Maimuna aliniita karibu na godoro. Amezeeka sasa, sauti imekuwa nyembamba, lakini macho ni yale yale. Akaagiza mfuko wa kaki uletwe, akaniwekea mapajani. "Chukua. Hii si ya baba," akasema. "Ya baba aliivunja mwenyewe kwa goti, asubuhi lori la kutuhamisha lilipokuja. Alisema hawatampeleka kusikokuwa na bahari halafu abaki na fimbo. Mimi nilikuwa msichana mkubwa. Vile vipande nilivibeba, na jioni ile hapa Chatsworth, hatuna kuni, nikapikia chai. Shabani alikuwa amelala. Alipoamka akaiulizia, akalia sana, nikamwambia imeuzwa, tutaipata. Nilitaka anyamaze tu. Kumbe hakusahau." Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Kila alipokuwa anatoka kwenda kuitafuta nilitaka kumwambia. Nikawa naongea habari za ile fimbo ili nipate mahali pa kuanzia, na yeye akafikiri naililia."

"Na siku ile ulipokata?" nikamuuliza.

"Uzi ule ulifungwa na mtu asiyehisi vidole vyake. Baba yangu alifunga kama mashine. Ningesema nini, Sifa? Mtoto wangu yule." Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Nataka kujua kitu kimoja. Wewe ulikuwepo. Nilipomwambia ni yenyewe, aliniamini? Au alikufa anajua kwamba namdanganya?"

Papa Shabani alikuwa mtu ambaye hakumwamini msimamizi, wala jaji, wala wino, wala vanishi. Nilitaka kusema sijui, maana ndivyo ningesema kwa jambo lolote lingine katika dunia hii. Lakini sahani ilikuwa bado pale kona, sambusa zimepoa, na nikaiona tena ile meza, mimi nikizungusha uzi wa mwisho na yeye amekaa mkabala wangu, amenyoosha mkono kwenye bakuli la sambusa.

"Mama," nikamwambia, "ulipokwisha kusema ni ya baba, alichukua sambusa zako tatu, moja baada ya nyingine. Hakuzipasua. Alizila hivyo hivyo, zimefungwa."